Jina Lililoazimwa Busi

Nyie vijana wa Makole mnaojazia watu fomu za viza kwenye kompyuta, hamchoki kuniuliza. Juzi mmoja wenu kanikamata sokoni, mchicha mkononi: "Shikamoo Bibi. Hivi siri ya kuharakisha viza ya mke ni nini?" Marahaba. Leo magoti yameamua nisitoke nyumbani na chai ipo, kwa hiyo kaeni niwaambie. Ila mjue mapema kwamba siri hakuna. Kuna kazi na kuna subira. Halafu iko siku moja moja ambapo dawa ya jambo lako haiko kwenye kompyuta wala ubalozini, iko kijijini kwa mzee anayechambua maharage.

Mimi ni Yudithi, Mama Nema kwa walionizoea, mzaliwa wa Hombolo. Nilianza kazi nikiwa mpiga chapa katika ofisi ya serikali, kisha nikafungua chumba changu hapo Makole, Dodoma, nikaandika mlangoni: Tafsiri, Chapa, Viza. Watu walinilaumu sana kwa hilo neno la mwisho, wakidhani viza nazitoa mimi droo ya chini. Wapi! Mimi mwenyewe pasipoti sina mpaka leo. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri vyeti, kupanga faili, na kumwandaa mtu asiende kujitia kitanzi kwa mdomo wake.

Wengi walikuwa wanawake ambao waume zao wako nje. Mume ameshapata ukaazi kule, ameomba mke amfuate, maombi yamekubaliwa, sasa imebaki hatua ya ubalozi: vyeti, vipimo vya afya, mahojiano. Hapo ndipo watu wanapokwama, na hapo ndipo nilipokula mkate wangu.

Aliyenifundisha ni Mzee Chilongani, mkalimani mstaafu wa mahakama, mtu wa shati jeupe na hasira za karibu. Nilimlipa kwa zabibu za Hombolo na uvumilivu. Aliniambia, "Yudithi, afisa wa viza hakupendi, hakuchukii, wala hana habari na wewe. Ana dakika zake chache na karatasi zako. Usimfanye atafute kitu." Nikikosea herufi moja alikuwa anapiga meza na fimbo. Tena enzi hizo ni mashine ya chapa na karatasi ya kaboni, ukikosea mstari wa mwisho unaanza ukurasa upya. Nyie mnafuta kwa kidole halafu mnalalamika mtandao unazunguka. Mungu anawaona.

Niwape na kisa kimoja mcheke. Kuna binti alikuja na picha nzuri ajabu za yeye na mumewe, wamesimama mbele ya milima yenye theluji, suti, gauni, kila kitu. Nikazikubali, nikazipanga mbele kabisa ya faili. Huko dirishani afisa akamuuliza, "Mlisafiri lini kwenda kwenye theluji?" Binti akajibu kweli tupu, "Hatujasafiri, ni pazia la studio, hapo karibu na stendi." Basi ikawa kazi kumshawishi afisa kwamba ndoa yenyewe si pazia la studio. Tangu siku hiyo nikawa nataka picha mbaya. Niletee ile ambayo mume anakula ugali mdomo umejaa, shangazi kakata kichwa, mbuzi kapita katikati. Hakuna mtu anayeghushi picha kama hiyo.

Na barua ya kuomba waharakishe, sikilizeni vizuri, maana hapa mnaharibu wengi. Iwe ukurasa mmoja. Sema nani anaomba, namba ya faili lake, nini kimetokea, kwa nini hakiwezi kungoja, kisha uambatishe ushahidi wa mtu mwenye mamlaka ya kusema. Basi. Usiwaambie Mungu atawabariki, wanajua. Usiwaambie umelia, kila aliyeandika kalia. Mzee Chilongani alikuwa anasema, "Mpe sababu ambayo anaweza kumsomea bosi wake bila kuona haya." Ukishatuma, tuliza vidole. Nilikuwa na mteja mmoja aliyetuma barua pepe kila asubuhi, na kila asubuhi sababu inabadilika kidogo, leo mke anaumwa, kesho mama mkwe. Faili lake likalala usingizi wa pono.

Sasa nije kwa Halima, maana habari zake ndizo nilizokaa chini kuwasimulia.

Halima alikuja ofisini siku ya upepo ule wa Dodoma unaokujaza mchanga mpaka kwenye meno. Binti mrefu, mpole, Mrangi wa kule Busi, Kondoa, kajitanda ushungi vizuri. Alikuwa amepanga chumba hapa mjini na kushona nguo huku akisubiri viza. Akaniamkia kwa kupiga goti. Nikajua huyu kalelewa.

"Mama, nilienda mahojiano, wamenirudisha," akasema, akanipa karatasi. Ile karatasi ilisema kwa lugha ya adabu kwamba afisa ana mashaka kama ndoa yake ni ya kweli, alete ushahidi zaidi, naye ataitwa.

"Walikuuliza nini ukashindwa?"

"Maswali, Mama."

"Maswali gani?"

"Mengi." Akaangalia chini. Nikadhani ni woga, kumbe kuna jambo.

Shida haikuwa kurudishwa tu. Mumewe, Salimu, alikuwa dereva wa magari ya mizigo katika nchi ya nje, jina la nchi naliacha. Moyo wake ulikuwa na kijimlango kimoja kisichofunga sawasawa, na kilikuwa kinazidi kuharibika. Madaktari walitaka kumpasua haraka. Lakini Salimu anaishi peke yake kule, na hospitali ilimwambia wazi kuwa hawampasui mpaka awepo mtu wa kukaa naye nyumbani akitoka, wa kumpa dawa, wa kumnyanyua, wa kuita msaada usiku. Rafiki zake wote ni madereva, leo wako huku kesho wako kule. Mtu wa kukaa naye alikuwa mmoja tu, naye yuko mbele yangu anashika ncha ya ushungi.

Nikamwambia, "Mwanangu, hapa tunakimbia." Nikamwagiza Salimu apate barua ya daktari inayosema maneno yale yale, upasuaji hauwezi kufanyika bila mke kufika, na kwamba kuchelewa ni hatari. Ikaja, fupi na imepigwa muhuri. Nikaandika ombi langu la ukurasa mmoja. Halima alitaka tuongeze kwamba hali chakula tangu mumewe augue. Nikamwambia hilo tumwambie Mungu, hawa tuwaambie namba ya faili. Tukatuma, nikaficha mkono wangu mfukoni usitume tena.

Walijibu mapema kuliko nilivyotazamia. Ombi limekubaliwa, Halima aje mahojiano ya pili siku za karibu, aje na ushahidi wa ndoa. Tulikumbatiana pale ofisini mpaka wateja wakafikiri nimepata mkwe.

Basi nikaanza kujaza faili. Cheti cha ndoa, tafsiri yake, meseji zao za simu, picha. Picha za wawili pamoja zilikuwa chache, maana harusi yao ilikuwa ya heshima, wanawake ndani na wanaume nje, lakini tulipata moja nzuri kwa ubaya wake, Salimu kashika sufuria la pilau kashindwa kulinyanyua. Katikati ya kazi bahasha zikaisha. Nikamwambia Halima, "Kimbia duka la Omari hapo mbele, lete bahasha kubwa." Akaenda. Aliporudi akasema, "Yule wa mkabala anasema zimebaki ndogo." Kesho yake nikamtuma tena kwa Omari, akarudi na salamu za "yule wa mkabala." Sikulitilia maanani. Nilisema labda kagombana naye chenji.

Kabla ya mahojiano, kila mteja wangu lazima apite kwangu kwa mazoezi. Navaa miwani, nakaa nyuma ya meza, nakuwa mbaya kuliko wenyewe.

"Jina lako?"

"Halima Saidi."

"Mume wako anaitwa nani?"

"Salimu."

"Salimu nani? Nataka jina kamili."

Akachomoa nakala ya pasipoti ya mumewe kwenye faili, akaweka kidole juu ya jina. "Hili hapa."

"Sikukuambia uoneshe. Nimekuambia useme."

"Hili hapa, Mama." Macho yameanza kujaa.

Nikafikiri labda kusoma kunampa tabu, lakini asubuhi hiyo hiyo alikuwa amenisomea barua ya daktari neno kwa neno. Nikatazama kidole chake. Chini ya kidole imeandikwa SALIMU OMARI. Nikageuka dirishani. Upande wa pili wa barabara, bango la duka, herufi nyekundu: OMARI. Nikavua miwani.

"Halima, Omari huyu wa kwenye pasipoti ni nani yako?"

"Baba mkwe," akanong'ona, kama tumeshikwa tunaiba.

Ee Mungu wangu! Nyie watoto wa siku hizi mnamwita mkwe kwa jina na kumrushia vikaragosi kwenye simu, hamuwezi kulielewa hili. Sisemi kila mtu wa Kondoa yuko hivyo, wapo wanaotaja na maisha yanakwenda. Lakini Halima alilelewa na bibi yake, na kwa bibi yule jina la baba mkwe halipiti kinywani mwa mkwe wa kike. Na mimi Mgogo nilimwelewa, maana mama yangu Hombolo aliingia kaburini hajalitaja jina la babu. Hata mbuzi aliyepewa jina hilo na majirani watani, mama alimwita "yule wa pembe."

Kumbe ndivyo ilivyokuwa kule dirishani. Afisa kamuuliza jina kamili la mume, Halima kaonesha kwenye karatasi. Afisa kamwambia aseme, yeye kanyamaza. Mkalimani kamrudia swali kwa Kiswahili kizuri, kanyamaza zaidi. Siwalaumu hata kidogo. Mwanamke asiyeweza kutaja jina la mumewe mpaka asome, na wewe ungesema kapewa mume wa kwenye karatasi.

"Sasa mwanangu," nikasema, "ni neno moja tu. Litaje yaishe, utatubu njiani."

Hapo ndipo alipolia kweli kweli. "Mama, bibi aliniambia ukilitaja jina la mkwe, msiba unamwangukia mume. Na mume wangu anakwenda kupasuliwa kifua. Ndiyo nilitaje leo?"

Nilitaka kumwambia hayo ni mambo ya kizamani, aache. Sikumwambia. Ungekuwa wewe, mumeo amelala anasubiri kisu, ungethubutu kujaribu?

Tukampigia Salimu kwa video. Uso umekonda, anaongea maneno mawili anapumzika. Akasikiliza, akatabasamu kidogo. "Halima, mke wangu. Mimi nimekuruhusu. Taja."

"Mwenzangu," akajibu, "jina si lako. Utaruhusuje kisicho chako?"

Mimi nilikuwa nimekasirika, lakini alikuwa na haki. Jina lina mwenyewe.

Nilijaribu njia yangu ya karatasi. Niliandika barua safi ya kueleza mila hiyo kwa ubalozi, kisha nikaisoma kwa macho ya afisa: huyu mtu safari ya kwanza hakujua jina la mumewe, safari ya pili kaleta barua ya kueleza kwa nini halijui. Nikaichana. Nikafunga ofisi, nikanunua sukari, nikamwambia Halima, "Vaa viatu. Tunakwenda kwa mwenye jina."

Basi mpaka Kondoa, halafu pikipiki mpaka Busi, mimi na unene wangu huu, sketi nimeishika kwa mkono mmoja na sala kwa mkono mwingine. Tulimkuta Mzee Omari barazani kwake kwenye mkeka, anachambua maharage huku anagombana na redio iliyokuwa inasoma habari. Mzee mwembamba, kofia nyeupe, sikio moja zito. Halima akapiga goti mbali kidogo, uso kaugeuza pembeni kama inavyotakiwa. Nikamwamkia mzee, nikajieleza.

"Jina langu?" akafoka. "Jina langu limewakosea nini watu wa huko? Wanataka kunikamata?"

"Hawakukamati, Mzee. Wanataka kujua kama Halima anamjua mumewe."

"Sasa Salimu hajulikani mpaka nitajwe mimi? Alizaliwa humu ndani, kila mtu anajua! Waje waulize!" Akaigeukia redio kama ndiyo yenye makosa, akaizima.

Nikaanza hotuba yangu ya ofisini, mambo ya faili na ushahidi. Mzee akarudia maharage yake. Nikaona safari imekufa. Ndipo Halima akasema, bado uso kaugeuza, sauti ndogo lakini haitetemeki, "Baba, mwenzangu moyo wake umeharibika. Madaktari hawampasui mpaka mimi nifike. Nisipofika hapasuliwi."

Mkono wa mzee ukasimama juu ya maharage. Yeye alikuwa ameambiwa mwanawe ana kifua, baridi ya kule, itapita. Watoto wa siku hizi wakiwa mbali wanawaficha wazee ugonjwa, wanadhani wanawahurumia.

"Moyo?" akauliza.

"Ndiyo, Baba."

Akanyanyuka taratibu, akaingia ndani, akakaa huko mpaka mimi nikaanza kuogopa kuwa tumempa naye ugonjwa. Akatoka na kanga iliyokunjwa, imepauka kwa kufuliwa. "Hii ni ya mama yake Salimu," akasema. Mkewe alikuwa ameshafariki. "Naye hakumtaja baba yangu mpaka anakufa." Akaiweka kwenye mkeka mbele ya Halima.

"Sikiliza. Jina langu sikupi. Nakuazima. Ulitumie penye shida ya mwanangu tu, si sokoni, si kwenye simu ya umbeya. Mambo yakitengemaa, uje hapa ulirudishe na kanga yake."

"Na msiba, Baba?" Halima akauliza.

"Msiba unampata mwizi. Wewe hukuiba, umeazimwa."

Halima akaivuta ile kanga, akaikumbatia, akalia kilio cha mtu aliyetua mzigo. Hata mimi pua ilianza. Lakini kazi ni kazi, nikamwambia mzee, "Basi Mzee, alitaje hapa hapa mara moja, tufanye mazoezi."

Akanitazama kama alivyoitazama redio. "Mama, ukiazima panga la jirani, unalijaribu kwenye mlango wa jirani?"

Tangu nizaliwe sijajibiwa hivyo.

Kwa hiyo jamani, mimi Mama Nema, mtu wa mazoezi, nilimpeleka mteja wangu mahojiano hajatamka jibu hata mara moja. Njia nzima kwenda Dar es Salaam nilikuwa namchokoza, "Salimu nani?" naye anatabasamu anafunga mdomo. Ninyi msifanye hivyo. Sukari yangu ilipanda.

Asubuhi ya siku yenyewe alijifunika ile kanga mabegani, akaingia. Mimi nilikaa kwenye benchi la mama muuza chai ng'ambo ya barabara, jasho linanitiririka, nikaagiza chai nisiinywe. Muuza chai akaniuliza kama nina mgonjwa mle ndani. Nikamwambia ndiyo, ninaye.

Akatoka. Anatembea polepole, uso hausomeki. Nikavuka barabara bila kuangalia magari.

"Vipi?"

"Nimelitaja, Mama."

"Halafu?"

"Hawakushtuka hata kidogo!" Macho yamemtoka. "Nimesema jina la baba mkwe, nangoja kitu kitokee. Yule afisa kaandika tu! Kaandika, kaendelea na swali jingine!"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Akaniambia afisa alimuuliza habari za familia ya mume, naye akaeleza mkwewe anavyoipenda redio na anavyogombana nayo, anavyotia chumvi kwenye chai, mpaka mkalimani akacheka na afisa akauliza anacheka nini. Ndoa ya karatasi haina mzee wa kutia chumvi kwenye chai.

"Na pasipoti yako iko wapi?" nikauliza, maana hilo ndilo swali la fundi.

"Wamebaki nayo."

Vijana, shikeni hili. Mara nyingi wakikurudishia pasipoti mkononi, kuna safari nyingine. Wakibaki nayo, wanataka mahali pa kubandika viza. Nilikaa chini palepale kwenye ukingo wa barabara, mtu mzima, nikalia. Mizigo ya watu niliyoibeba miaka yote, huu ndio niliousikia ukitoka mgongoni.

Akasafiri. Salimu akapangiwa upasuaji wake. Siku hiyo sikufanya kazi ya maana, nilikaa na simu mapajani, nikitafsiri mstari mmoja narudia. Jioni ikaja sauti ya Halima, imekauka: "Mama, ametoka salama. Amefumbua macho." Nilivuka barabara hadi kwa Omari wa duka, nikawanunulia soda watu wote waliokuwa kwenye foleni yangu. Omari akauliza kuna sherehe gani. Nikamwambia jina lako limefanya kazi, akadhani nimechanganyikiwa.

Nilishastaafu waliporudi likizo. Waligonga mlango wangu wote wawili, Salimu kanenepa, ana kovu analolionesha hata asipoulizwa. "Mama Nema, twende Busi," Halima akasema. "Kuna kitu cha watu kinatakiwa kurudi."

Mzee Omari alikuwa kwenye mkeka uleule, redio ileile, maharage mapya. Alimpapasa mwanawe kifua kwa muda mrefu, midomo inacheza. Halima akapiga goti, uso pembeni, akaiweka ile kanga mbele yake, imefuliwa na kupigwa pasi.

"Ulilitumia wapi?" mzee akauliza.

"Kule ubalozini, Baba. Na hospitali, mlangoni, walipouliza nimemleta nani." Akasita. "Na alipochelewa kuamka."

"Kuchelewa vipi?"

"Walipomtoa kwenye kisu, ile nusu kaputi haikumwacha haraka. Nesi akaniambia nimwite. Nikaita mwenzangu, mwenzangu, kimya. Nikaita Salimu, kimya. Nesi akasema mwite jina lake lote. Nikaliita."

Salimu akadakia, "Baba, mimi nilikuwa mbali, sijui wapi. Nikasikia mke wangu anataja jina lako kwa sauti. Nikasema haiwezekani. Lazima niamke nione kumetokea nini!"

Tulicheka wote, na mzee alicheka huku anajifuta machozi kwa kofia yake. Kisha akaishika ile kanga, akaigeuzageuza.

"Sasa sikilizeni," akasema. "Wazungu wamelisikia. Manesi wamelisikia. Mimi mwenye jina sijalisikia kinywani mwa mkwe wangu hata mara moja. Halima, mwanangu, litaje na mimi nisikie."

Halima akaziba mdomo kwa ushungi, mabega yanatikisika kwa kicheko.

"Baba," akasema, "nimesharudisha."

Mzee alicheka mpaka akapiga teke ungo, maharage yakamwagika baraza nzima, nasi sote, na magoti yangu haya, tukainama kuyaokota.